Sukari ya Baba Iko Juu

Kuna nukta moja, baina ya sukari kuwa rangi ya asali na sukari kuungua, ambayo jicho haliwezi kuikamata. Lazima uinuse. Harufu hupanda kwanza tamu, kisha hufuatiwa na kitu kama moshi wa mbali sana, na hapo ndipo unapotakiwa uepue sufuria, si kabla wala si baada. Nimewafundisha wapishi wengi nukta hiyo. Wana mizani, wana saa, wana vipimajoto, na bado huunguza. Mimi nilifundishwa na baba yangu, katika jiko la ghorofa ya pili huko mtaa wa Kiponda, miaka ambayo sukari yenyewe ilikuwa haionekani.

Mwezi uliopita binti mmoja darasani aliniuliza nimeianzaje kazi hii. Nilifungua mdomo nimjibu kama nilivyozoea kujibu karibu maisha yangu yote, nikashindwa. Nikamwambia, "Angalia moto, sukari inaungua." Ilikuwa haijawekwa hata jikoni. Jibu sahihi silijui kulisema mbele ya vijana, kwa hiyo naliandika hapa, kwa nyinyi wa rika langu, mliosimama foleni pamoja nami.

Kabla ya Mapinduzi Baba alikuwa mpishi wa vitamutamu katika hoteli moja ya ufukweni. Aliingia pale kuosha vyombo, akafundishwa na mpishi mkuu ambaye hakuwa na mtoto wa kumrithisha kazi, mwisho akawa yeye ndiye anayetengeneza kila kilichokuja mezani baada ya nyama. Mimi hoteli hiyo sikuwahi kuiona kwa ndani. Wageni walipoondoka jiko lile lilifungwa, na Baba akapewa kazi ya kupika katika bweni la wanafunzi: maharage, ugali, chai ya mapipa. Hakulalamika. Alasiri alirudi nguo zinanuka moshi wa kuni, akakoga, akavaa kikoi na fulana nyeupe, kisha akaita neno nililokuwa nikilingoja tangu asubuhi.

"Mpishi!"

"Naam, Baba!"

"Tunafungua."

Kufungua maana yake mkahawa wetu umefunguliwa. Hatukuwa na unga wa ngano, wala siagi, wala krimu. Tulikuwa na muhogo. Tuliuchemsha, tukauponda mpaka ukawa laini kabisa, tukautia ndani ya karatasi iliyokunjwa pembe, na Baba akanionyesha namna ya kuuminya ili utoke waridi, jani, shingo ya bata. Mikono yake ilikuwa mikubwa yenye makovu ya moto, na ilipoishika ile karatasi ilikuwa kama imeshika kifaranga. Niliharibu mawaridi mia kabla ya kupata moja la kutazamika. Nilipolipata aliliweka katikati ya sahani, akaizungusha sahani polepole.

"Hii inakwenda meza ya nani?"

"Ya balozi."

"Na hiki hapa ukingoni nini?"

"Kidole changu."

"Balozi hali vidole. Futa."

Nikafuta. Baadaye Mama aliyamwagia mchuzi wa papa yale mawaridi na wale mabata, tukala.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho muhogo haukuweza kukifanya, nacho Baba alikiita kisiwa. Alinieleza mara nyingi mpaka nikakiona usingizini. Ute wa yai unapigwa kwa uma, pamoja na sukari, mpaka unasimama wenyewe kama wingu. Unachotwa na kupikwa taratibu ndani ya maziwa ya moto. Kisha ule weupe unaelea juu ya ziwa la rangi ya manjano lililotengenezwa kwa kiini na iliki. Juu yake inamwagwa sukari iliyoyeyushwa motoni, ikivutwa kwa uma iwe nyuzi nyembamba kama nywele za mahindi. Alisema wazungu wakiletewa kisiwa walikuwa wananyamaza kwanza. Nilitaka kunyamazisha watu. Nilikuwa na miaka tisa na sikutaka kitu kingine duniani.

"Lini tutapika kisiwa, Baba?"

"Sukari ikipatikana ya kutosha."

Sukari ilikuja kwa foleni, nusu ratili, na Mama aliiweka ndani ya chupa ya jem juu ya kabati. Baba peke yake alikunywa chai bila sukari. "Nshazoea," alisema. Alikuwa pia akinywa maji mengi, gudulia zima jioni moja, na kidole kimoja cha mguu alikifunga kitambaa miezi na miezi. Nilidhani ndivyo akina baba walivyo.

Siku moja Mama alikaa ukumbini anachambua mchele pamoja na jirani yetu wa chini, Bi Mwanakheri. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango naminya muhogo. Bi Mwanakheri akauliza, "Na baba mtoto, sukari yake vipi?"

"Iko juu," Mama akajibu. "Wiki hii iko juu kabisa."

"Yarabi! Na mtoto anajua?"

"Hajui. Mwenyewe hataki ajue."

Nyinyi mnaosoma mshaelewa. Mimi sikuelewa, au niseme nilielewa kila neno. Baba ana sukari. Iko juu, juu kabisa. Na hataki mimi nijue.

Juu ya ghorofa yetu palikuwa na chumba kidogo cha dari, chenye giza na upepo, Baba alimoweka vitu vyake vya zamani. Nilipanda walipokwenda Mama na Bi Mwanakheri kuswali. Nyuma ya mikeka nikaona sanduku la bati lenye kufuli. Nikalitikisa, likagonga kidogo ndani, nikasikia kama vichupa. Nikaweka pua kwenye ufa. Halikunuka kitu, nikajiambia sukari kavu hainuki. Nilibaki nimelikumbatia, nikahisi uchungu ambao sikuwa na jina lake. Mtu aliyenifundisha kuwa mpishi hachezei chakula wala hadanganyi mezani, amekaa na sukari tele juu ya kichwa changu, ananipa muhogo.

Sikumuuliza. Hapo ndipo pananiuma kuliko pengine pote. Ningemuuliza tu, angecheka, angenieleza, mambo yangekwisha.

Badala yake nilikwenda skuli. Rafiki yangu Raya alikuwa kaja na kipande cha keki ya kweli aliyoletewa na mjomba wake, akakikata vipande vidogovidogo akatugawia. Nikasema hata mimi nyumbani napika keki. Wasichana wakacheka. "Keki za muhogo!" Raya akasema, wala hakusema kwa ubaya, kila mtu alijua.

"Baba yangu ana sukari," nikasema. "Nyingi. Iko juu, ndani ya sanduku, kaifungia kufuli."

Wakanyamaza kwanza, kama wale wazungu wa kisiwa. Niliuonea raha ukimya ule.

Asubuhi ya Jumamosi walipiga hodi watu watatu wa kamati ya mtaa, wale waliosaka walioficha vyakula vya foleni. Wawili walikuwa vijana, mmoja mtu mzima mwenye kofia ya kitani. Baba alikuwa keshakwenda bwenini tangu alfajiri. Mama akawakaribisha, wakakataa kukaa.

"Tunaomba tupande juu," alisema yule mtu mzima.

Hawakuuliza juu wapi. Nilisikia hatua zao zikipita moja kwa moja juu ya jiko, mpaka mle chumbani, kisha zikashuka. Kijana mmoja alikuwa kabeba sanduku.

"Kakangu, hilo niachieni," Mama akasema. Sikuwahi kumsikia na sauti ile. "Nakuombeni. Hilo si kitu cha kuchukua."

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mwenyewe."

"Basi tutamfuata mwenyewe."

Mama alivuta buibui akawafuata ngazini, anasema nao mpaka sauti yake ikapotelea uchochoroni. Mimi nilijificha nyuma ya mtungi. Nilijua nani kasema, na nilijua nitapigwa. Nikalia sana. Nataka niseme kweli kama ilivyokuwa: sikulia kwa ajili ya Baba. Nililia kwa sababu sukari imekwenda na kisiwa hatujapika.

Baba hakurudi siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Kila asubuhi Mama alitoka na chakula ndani ya kanga, akarudi nacho vilevile. Nilipouliza alisema, "Yuko kazini. Kazi imezidi." Bi Mwanakheri alikuja kukaa nami, akanisuka nywele, akazisuka tena bila ya sababu.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, Mama aliniita nishuke. Nikamkuta Baba amekaa kwenye baraza ya mlango wetu, chini, amevaa shati lake la Ijumaa, na uso wake bado unadondoka maji. Alikuwa kama amepunguzwa. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, na pumzi yake ilitoa harufu ngeni ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kidole cha mguu hakikuwa na kitambaa, nikageuza macho.

"Mpishi," akasema, "hata shikamoo leo hakuna?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umesimama mbali?"

Nikasogea. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akamtazama Mama, akanitazama mimi.

"Waliniita nikawapikie," akasema. "Kumekuja wageni wakubwa, hawana mtu wa kuwatengenezea vitamutamu. Wakauliza mji mzima, nani anajua? Wakaambiwa mimi."

Nikakaa miguuni pake pale pale juu ya baraza. "Ulipika nini?"

Akanieleza. Aliniambia meza zilikuwa ndefu mpaka huoni mwisho, na vitambaa vyeupe vimepigwa pasi vikawa kama karatasi. Alipika mabata maji mia moja, kila bata kageuza shingo upande wake, hakuna wawili waliofanana, yamepangwa juu ya kioo kama yako ziwani. Alivuta nyuzi za sukari mpaka vijana wa jikoni wakadhani ni uzi wa cherehani. Alisema polepole, anasimama kupumua, na kila aliposimama nilimsukuma kwa swali jingine.

"Na kisiwa?"

"Kisiwa nilikipika mwisho. Kila mgeni na chake."

"Walinyamaza?"

"Wakanyamaza. Mzee mmoja hata akatokwa na machozi."

"Na sukari mliipata wapi, Baba?"

Mama aligeuka akatazama uchochoroni. Baba aliweka mkono wake juu ya kichwa changu, ukawa mzito.

"Sukari," akasema, "nilikuwa nayo mwenyewe."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Ndiyo maana walikuja kulichukua sanduku. Ndiyo maana alilificha. Alikuwa akiiweka kwa kazi kubwa kama ile. Sanduku halikurudi, nikaona ni haki, maana karamu imelimaliza. Tena nilijiona na mimi nina sehemu yangu katika karamu ile, kwani kama nisingesema skuli, wangejuaje kuwa Baba ana sukari? Nilikuwa karibu nimwambie hivyo ili anisifu. Sikumwambia kwa sababu alikuwa kafumba macho.

Nilimhadithia Raya, nikawahadithia wasichana wote, na mabata kila nilipohadithia yaliongezeka. Nyumbani Baba hakurudi tena kwenye kazi ya bweni. Alilala dirishani, mguu juu ya mto, anakunywa maji. Dawa yake, ambayo mimi sikujua kuwa ipo, ilikuwa ikija kwa shida kutoka Mombasa, mkononi mwa binamu yake baharia, na binamu huyo hakutazamiwa ila baada ya miezi.

Siku moja alimwambia Mama atafute sukari. Nilisikia wakibishana.

"Utamfundisha nini na hali hiyo?"

"Nitamfundisha iliyobaki."

Mama akashuka kwa Bi Mwanakheri, akapita na nyumba tatu nyingine, akarudi chupa ya jem imejaa nusu, rangi mbalimbali, nyeupe ya huyu na ya manjano ya yule. Tulimsaidia Baba kuja jikoni, akakaa juu ya kigoda kaegemea ukuta. Hakushika kitu. Nilipiga ute wa mayai kwa uma mpaka bega likafa ganzi, ukasimama. Nilichota mawingu yangu, nikayapika ndani ya maziwa, hayakuvunjika. Kisha nikaweka sukari motoni.

"Sasa?" nikauliza.

"Bado."

Ikawa rangi ya asali. "Sasa, Baba?"

"Bado. Usitazame. Nusa."

Nikafumba macho. Nikaisikia ile harufu tamu, nikangoja, na nyuma yake ukaja moshi wa mbali sana. "Sasa!" nikapiga kelele mwenyewe, nikaepua. Nilipofumbua macho Baba alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kazi yake imekwisha.

Nilimpelekea sahani, ukingo nimeufuta. Mama akasema, "Usile. Nakuomba." Akajibu, "Kijiko kimoja. Mpishi lazima ajibiwe." Siku zote alikuwa akinionjesha mimi, akisema ulimi wangu ndio wake. Ile ndiyo mara ya kwanza kumwona akionja. Akakiweka mdomoni, akanyamaza kwanza.

"Ndicho chenyewe," akasema.

Hakumaliza mwezi. Alipelekwa hospitali Jumatano, Ijumaa akarudishwa amefunikwa shuka. Nyumba ilijaa wanawake, na katikati ya kilio nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Sukari ndiyo iliyommaliza." Nilijua sukari gani. Mimi ndiye niliyempa, katika kijiko, na Mama alikuwa kamkataza. Kwa miaka miwili niliamini nimemuua Baba kwa kisiwa. Sikupika, sikula kitu kitamu, Idi nilikaa na mkate wa mofa mkavu. Mwishowe mwalimu wetu wa sayansi alitusomesha maradhi ya sukari darasani, nikabaki nyuma wenzangu walipotoka, nikamuuliza kama kijiko kimoja kinaua. Akanitazama vizuri, akasema, "Hapana, mwanangu. Hakiui." Nililia pale mpaka akafunga mlango watu wasinione. Jioni ile nilirudi nyumbani nikaponda muhogo.

Kwa hiyo nikawa mpishi. Hoteli zilipoanza kufunguliwa tena niliingia kuosha vyombo kama yeye, nikapanda. Na kila nilipoulizwa nimejifunza wapi, nilihadithia karamu. Niliihadithia kwa mameneja, kwa wageni, kwa mume wangu siku tulipojuana. Baba yangu, nikasema, aliitwa kuwapikia wageni wakubwa kwa sababu mji mzima hapakuwa na mwengine. Mama alikuwapo mara nyingi nilipohadithia. Hakunikatiza hata mara moja. Alikuwa anatafuta kitu cha kufanya, anakunja nguo, anakwenda kuangalia chai.

Tulihamia Mpendae, na Mama alizeekea kule. Alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, mimi nilikuwa nataka kufungua chuo changu kidogo cha upishi, na nilitaka kuandika ukutani maneno machache juu ya Baba. Nikamuuliza, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, "Mama, ile karamu ya Baba walikuwa wageni gani? Wa nchi gani? Nataka niandike sawasawa."

Akaniambia nimwinue, nimwekee mto mgongoni.

Hapakuwa na wageni. Baba alikuwa kawekwa ndani, kafungiwa chumba kimoja na watu wengine kumi, siku tatu. Walipovunja kufuli hawakuona sukari. Waliona bomba la sindano na vichupa vyenye maandishi ya kigeni, wakataka kujua vimeingiaje nchini na kwa mkono wa nani. Hakumtaja binamu yake. Akaomba apigwe sindano yake tu, hata kama baadaye watamfunga. Walikuwa wameshavimwaga. Ndipo mmoja akamwambia, mwanao mwenyewe ndiye aliyesema una sukari. Na Baba, Mama alisema, alicheka. Akawaambia, "Mwanangu hakusema uongo. Ninayo." Yule mtu mzima mwenye kofia ndiye pekee aliyefahamu, maana mamake alikufa kwa maradhi hayohayo. Alitoka nje, akarudi macho mekundu, akamfungulia.

Nilishika chuma cha kitanda. Nikamuuliza kwa nini hakunambia miaka yote ile, akaniacha nisimame mbele za watu nahadithia.

"Aliniapisha," Mama akasema. "Alisema mtoto ana mkono. Akijua, hatashika tena mwiko."

Akapumzika. Nikamnywesha maji kidogo. Nilidhani kamaliza, nikataka kumlaza, akanizuia kwa mkono.

"Siku ile alirudi kwa miguu, peke yake, kajishikilia kuta. Nilimkuta barazani, ngazi zimemshinda. Nilikuwa na hasira nawe, mwanangu, Mungu anisamehe, nikataka nikuite ushuke uone ulichofanya. Akasema, 'Usimwite kwanza. Niletee maji na shati.' Nikamletea. Akanawa, akavaa, akabaki anautazama ukuta wa mbele. Nikamwambia, 'Haya, mtoto yuko juu anangoja.' Akanambia, 'Ngoja kidogo. Nafikiria nilipika nini.'"